Kengele ya Video kwenye Geti la Kalamba

Walisema Mkamba hawezi kumlipa mtu ili amwonyeshe nani yuko mlangoni, kwa sababu mbwa hufanya kazi hiyo bure. Walisema hayo sokoni Matinyani, mbele yangu, nikiwa nimevaa shati nililonunua Doha, na wakacheka mpaka muuza mihogo akasahau kunirudishia chenji. Mmoja aliongeza kwamba mitambo hiyo ya kengele za video ikifungwa huku itakufa kabla ya mvua ya pili, na mimi nitakufa njaa kabla ya mitambo. Wengine, waliojiona wapole, walinishauri nifungue kibanda cha kuchaji simu.

Niliwasikiliza wote. Mimi si mtu wa kubishana na watu ambao hawajawahi kushika kipima umeme. Nilikuwa nimetoka Ghuba, nilikotunza kengele za video kwenye majengo yenye milango mingi kuliko milango yote ya Matinyani ikijumlishwa na ya vyoo. Nilienda kule kama mbeba mizigo. Nilisoma jioni baada ya kazi, miguu ikiwa imevimba, nikapata diploma ya umeme na elektroniki, na siku naondoka msimamizi wangu alisema nafasi yangu haitapewa mtu haraka. Hakuna mjomba aliyenilipia karo, hakuna mheshimiwa aliyeniandikia barua. Nilijitengeneza mwenyewe, na hilo huwa nalisema bila kuombwa.

Akiba niliyorudi nayo iliishia kwenye paa la nyumba ya mama na matibabu ya baba. Kwa hivyo nilikopa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinipa fahali wake nimuuze ninunue pikipiki na vifaa. Kikundi cha wanaume kanisani kikanipa fedha za kuanzia. Mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Kitui, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka Lamu, akanipa nyaya, betri na kamera kwa ahadi tu. Nilipotaka tuandikiane alikataa. Alisema kwamba kila asubuhi nitapita mbele ya duka lake, naye atanitazama, na hiyo inamtosha.

Masharti magumu yalitoka kwa shangazi. Binamu yangu mmoja aliwahi kukopa kwa ndugu hivyo hivyo, akapanda basi la Nairobi, na mpaka leo tunasikia habari zake kwa watu wa mbali. Shangazi aliponikabidhi kamba ya fahali, aliivuta upande wake kwanza, ukoo ukiwa umekaa pale nje ya jiko lake.

"Kitui na Makueni," alisema. "Ndani ya kaunti hizo mbili zunguka upendavyo. Ukionekana nje kabla hujawalipa watu wote, si mimi peke yangu, usiniite shangazi tena."

Nilikubali nikicheka. Nilidhani ni jambo la miezi.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mtu wa Kalamba anayeishi Amerika. Alikuwa na nyumba za kupangisha mjini Kitui, nyingine Wote, nyingine karibu na Kiboko kando ya barabara kuu, na juu ya hizo nyumba ya mama yake kijijini. Zote zilikuwa zimefungwa kengele za video na mafundi wa Nairobi ambao walipolipwa hawakuonekana tena. Alinipigia simu akauliza kama naweza kuzitunza. Nikamwambia hakuna mwingine anayeweza. Akasema sawa: angenipa mafuta ya pikipiki na vipuri, lakini malipo yenyewe, ambayo yangemaliza madeni yangu yote na kubakiza, angeyatoa kwa mkupuo mmoja, baada ya mwaka mzima ambao mama yake hajamlalamikia. Mama akilalamika mara moja tu, mwaka unaanza upya. Mteja alikuwa amechoka kuamshwa usingizini kwa sababu ya geti lililo upande mwingine wa dunia.

Nikaona nimeshinda. Kutunza kengele ya video ili idumu si uchawi, ni kujua adui zake, nami nilikuwa nawajua kwa majina. Huku adui wa kwanza ni sisimizi. Wanapenda joto la saketi, wanaingia kwa tundu la waya kwenye kibao cha nje, na baada ya mwezi utakuta mayai yao yamejaa pale kitufe kinapogusana na shaba. Wale mafundi wa Nairobi walikuwa wameacha matundu wazi. Mimi nilifungua kila kibao, nikakisafisha kwa brashi ya meno, nikaziba juu na pembeni kwa silikoni. Chini sikuziba. Fundi asiyesoma huziba pande zote akidhani amemaliza kazi, kumbe amefungia unyevu ndani na maji ya mvua hayana pa kutokea.

Kule Kiboko adui alikuwa jua. Kibao kilitazama magharibi, na kufikia saa tisa mchana huwezi kukigusa kwa kidole. Nilikitengenezea kofia ya bati, nikaipaka rangi nyeupe, na picha iliyokuwa imepauka kama kitambaa kilichofuliwa mno ikarudi. Mjini Kitui lilikuwa suala la vumbi kwenye makufuli. Wapangaji walikuwa wakimimina mafuta ya kupikia kwenye kufuli la umeme kila lilipokwama, na mafuta yakishika vumbi yanakuwa kama uji wa mtama. Niliyaosha yote nikatia unga mweusi wa penseli, ambao hauloweshi wala haushiki kitu. Niliwafundisha wapangaji kwamba geti likilegea kwenye bawaba, ulimi wa kufuli haufiki shimoni mwake, na hapo kosa si la umeme hata kidogo. Kule kote kengele zikalia, milango ikafunguka, na wapangaji wakaanza kuniita Injinia. Sikuwakataza.

Ilikuwa Kalamba pekee iliyonishinda.

Mama wa mteja alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mwenye goti bovu na sauti ambayo bado ingeweza kunyamazisha gwaride. Watu wote walimwita Mwalimu, nami pia. Nyumba yake ilikuwa nzuri, imezungushiwa ukuta, na mbele ya ukuta ua wa zamani wa minyaa ambao alikataa ukatwe. Lalamiko lake halikubadilika. Kengele inalia, anajikokota mpaka kwenye skrini, anatazama, hakuna mtu. Barabara tupu na kuku. Anainua mkono wa simu, anauliza nani, hajibiwi. Mtoto wake alikuwa amemwonya asifungue bila kumwona mtu kwanza, naye alikuwa mtu wa kufuata sheria. Kwa hivyo hafungui. Baadaye kanisani anaulizwa kwa nini siku hizi hafungulii watu.

Mara ya kwanza niliona ni jambo dogo. Skrini ilikuwa inazimika mapema kuliko goti lake lilivyoweza kumfikisha, kwa hivyo niliirefushia muda wa kuwaka. Akalalamika tena, na mwaka ukaanza upya. Nikabadilisha waya wote kutoka getini hadi sebuleni, nikaupitisha ndani ya bomba la plastiki panya wasiufikie. Mwaka ukaanza upya. Nikabadilisha kamera, nikabadilisha transfoma, nikapima umeme asubuhi, mchana na jioni. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Nikisimama mwenyewe getini, ninaonekana mpaka vifungo vya shati. Nikiondoka tu, mtoto wake ananiandikia kutoka Amerika: Mama hajaona mtu tena.

Nataka nieleze jinsi nilivyobanwa, kwa sababu watu hudhani mtu aliyefungwa lazima awe na ukuta mbele yake. Mimi nilikuwa na kaunti mbili nzima na pikipiki. Njia fupi ya lami kutoka Kitui kwenda upande wa Wote inapitia Machakos, na Machakos haikuwa kwenye maneno ya shangazi. Kwa hivyo niliteremka Mutomo mpaka Kibwezi, nikapanda na barabara kuu kupita Makindu na Kiboko, nikazunguka kama mtu anayekwepa mbwa wa jirani, siku nzima juu ya tandiko. Ningeweza kukata kupitia Machakos, nani angeniona? Lakini huku kila kituo cha basi kina mtu anayekufahamu na ana simu. Vipuri nilivihitaji kutoka Nairobi, na sikuweza kwenda kuvichagua kwa mkono wangu. Vililetwa na mabasi vikiwa vimefungwa kwa karatasi, nusu yake si nilivyoagiza.

Na mjini Kitui sikuweza kula nyama. Nikisimama kwenye bucha, mmoja wa kikundi cha kanisa yuko kwenye foleni nyuma yangu, anasalimia vizuri kabisa, macho yake yapo kwenye mizani. Nilizoea kuagiza mifupa ya supu kwa sauti ya juu. Nilinunua viatu kwa fedha za vibarua vidogo vidogo nikaviweka chini ya kitanda nikaendelea kuvaa vile vilivyopasuka. Jumapili wanaume wa kikundi waliniombea kwa kupokezana, kwamba Bwana aifungue milango ya ndugu yetu fundi, na mmoja alishindwa kuzuia kicheko katikati ya sala. Mzee wa duka alinitazama tu nikipita, kama tulivyopatana, kisha akarudi kwenye chai yake. Nilianza kupita barabara ya nyuma, halafu nikaona aibu, nikarudi ya mbele.

Msimamizi wangu wa Doha aliniandikia mara mbili. Nafasi bado ipo, alisema, lakini haitakaa milele. Nilimjibu kwamba ninamalizia mradi mkubwa. Haukuwa uongo. Ukubwa wa mradi ulikuwa mwanamke mmoja na skrini moja.

Mvua ya masika iliponikuta Kalamba, nilikuwa nimeenda kwa mara ambayo sikutaka hata kuihesabu. Nilifungua kibao, nikakipima, nikakifunga, kipo salama. Nilipowasha pikipiki kuondoka, vijana waliokuwa wakitoka upande wa pili wakanipungia nirudi. Mto wa kijiji, ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu, ulikuwa umejaa na kufunika daraja la chini. Mwalimu alisema kuna chumba cha wageni na maharagwe, na hakuniuliza kama nataka. Nilikaa kwenye kochi lake nikitazama kitambaa cha kufumwa juu ya redio. Kaunti mbili zilikuwa zimepungua zikawa sebule.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Tulikuwa tunakunywa chai kengele ikalia.

Niliruka kabla yake. Skrini iliwaka vizuri, picha safi, rangi zote. Barabara yenye madimbwi. Ua wa minyaa. Hakuna mtu.

"Sasa umejionea," Mwalimu alisema akiwa bado kwenye kiti, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda kesi. "Ulidhani nazeeka."

Nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikapita shambani kwenye matope, nikazunguka ukuta hadi nje. Pale, kando ya nguzo ya geti, hatua chache kutoka kwenye kitufe, alikuwa amesimama mama mmoja wa kanisani kwao na kibuyu cha maziwa. Alikuwa ameligeuzia geti mgongo, anatazama mahindi ya jirani, na ametulia kama mtu aliye mahali pake. Nilimsalimia, nikamuuliza kwa nini amebonyeza kengele akaondoka mbele ya mlango.

"Sijaondoka, nimesubiri," alisema. "Ulitaka nisimame katikati ya mlango wa mtu nichungulie ndani? Nimelelewa mimi."

Nami nimelelewa. Mama yangu alinifundisha hayo hayo kabla sijaanza shule: piga hodi, kisha sogea pembeni, geuka, usimwingilie mtu kwa macho kabla hajakukaribisha. Doha watu hutia pua kwenye kamera. Kule kamera iliangaliwa kama kioo cha kinyozi, na kamera zote duniani zimetengenezwa zikimngoja mtu wa namna hiyo. Hii ya Kalamba ilikuwa imefungwa sawasawa kama kitabu kilivyosema, nayo ilitazama mahali ambapo mtu mwenye adabu hasimami kamwe. Ndiyo maana ilimwona kila mtoto mtukutu na kila mchuuzi wa mabeseni, lakini wageni wa kweli haikuwaona. Na Mwalimu akiuliza kwa mkono wa simu, sauti ilitoka kwenye kibao, ikapotelea upepo wa barabarani, na aliyekuwa pembeni ya ukuta hakusikia chochote.

Sijui mhandisi mwingine ambaye angelijua hilo. Wa Nairobi asingekaa usiku kucha Kalamba, na wa Doha asingemwelewa yule mama. Ilihitaji mtu aliyepitia kote kuwili, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nilikuwa na kamera ya ziada kwenye mkoba, kutoka kwa mzee wa duka. Kitufe nilikiacha palepale. Kamera mpya nikaifunga ndani ya ukingo wa ukuta, urefu wa kifua, ikitazama kando ya nguzo mahali nyasi zilipokanyagwa na miguu ya miaka. Karibu nayo nikaweka spika ndogo. Waya nikauzika kwenye bomba, nikaunganisha kwenye tundu la pili la skrini, nikapanga kengele ikilia ifunguke picha hiyo kwanza. Mwalimu alisimama mlangoni akiegemea fimbo, akinisimamia kana kwamba nafanya mtihani.

Mchana mto ulianza kushuka, nikawa nakusanya vifaa, kengele ikalia tena. Mwalimu alifika kwenye skrini kabla yangu. Akasimama pale na hakuinua mkono wa simu.

Nilichungulia juu ya bega lake. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la mvua, gunia la mahindi limeegemea goti lake. Alikuwa amesimama mbali zaidi ya yule mama, karibu kuingia kwenye minyaa, uso wa upande.

"Ni mkwe wangu," Mwalimu alisema polepole. "Mume wa binti yangu wa kwanza."

Msomaji asiye wa huku aelewe kwamba kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Tunaiita nthoni, na ni heshima pamoja na aibu, zimefumwa hata huwezi kuzitenganisha. Vijana wa mjini wameiacha. Mwalimu, aliyefundisha sayansi maisha yake yote na anayeketi kiti cha mbele kanisani, hakuiacha, wala mkwe wake. Kila mwezi mtu huyo alileta mahindi au maji, akayaacha getini, akasalimia akiwa nyuma ya ua, akaenda zake. Mwalimu aliniambia kwamba alimwona vizuri mara moja tu, siku ya harusi, na hata siku hiyo alitazama zaidi viatu vyake.

"Ana mvi," alisema.

Nilimuuliza kama nizime picha. Sikujua kama nimefanya jambo jema au nimevunja kitu cha watu kwa bisibisi yangu.

Alifikiri. Mkono wake ulikuwa juu ya kitambaa cha skrini, kile alichokifuma ili ifunikwe wakati haitumiki.

"Simtazami yeye," alisema mwishowe. "Natazama picha. Kwani picha ya harusi yao si iko pale ukutani?" Kisha akainua mkono wa simu, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa. "Baba wa watoto, nimesikia. Asante kwa mahindi. Kifua kimepona?"

Kwenye skrini yule mwanamume alishtuka akatafuta sauti inatoka wapi. Akavua kofia. "Kimepona, Mwaitu," alisema akiuambia ukuta, kwa neno letu la kumwita mama.

Waliongea kuhusu mvua na wajukuu. Yeye hakujua anaonekana, na Mwalimu alinitazama kwa jicho la mwalimu mkuu ili nielewe kwamba hatajua. Alipoondoka, Mwalimu aliendelea kusimama mpaka skrini ikazimika yenyewe. Aliuliza kama ule muda wa kuwaka unaweza kurefushwa zaidi. Niliurefusha mpaka mwisho wake.

Tangu siku hiyo mwaka ulianza kutembea. Sitasema ulitembea haraka. Kila simu ilipoingia kutoka namba ndefu ya ng'ambo niliegesha pikipiki kwanza ndipo nikapokea. Nilienda Kalamba hata pasipokuwa na haja, nikafuta lenzi kwa kitambaa laini, nikamfukuza mjusi aliyependa kulala juu ya taa ndogo ya kamera, nikabadilisha betri kabla haijachoka. Betri zikisubiriwa zife, hufa siku ya wageni. Mwalimu alikuwa ananisubiri na chai, na orodha ya watu aliowaona wiki hiyo ikimtoka kwa mdomo kama rejista.

Mvua za mwisho wa mwaka, radi ikapiga nguzo ya stima karibu na kwake. Alinipigia yeye mwenyewe. Skrini ni nyeusi, alisema, na kibao kinanuka. Niliketi chini palepale nilipokuwa, kando ya barabara, kofia ya pikipiki mkononi. Nilimuuliza kama amekwisha kumwambia mtoto wake.

"Nimwambie wa nini? Yeye ni fundi?" alisema. "Mimi sijalalamika. Nimekuita. Na Jumamosi ni siku ya mahindi, kwa hivyo usichelewe."

Nilifika Ijumaa. Kinga ya radi niliyoifunga ilikuwa imeungua yenyewe ikaokoa skrini, jambo ambalo ndilo kazi yake, na niliwaambia majirani waliokusanyika kutazama kwamba kifaa kikifa kwa niaba ya kingine, fundi aliyekiweka anastahili kusifiwa. Nilibadilisha kinga na kibao. Ila niliona pia kwamba ile nondo ya shaba iliyopaswa kupeleka radi ardhini ilikuwa kwenye udongo mkavu usiopitisha kitu. Nikachimba upya, nikaizungushia mkaa na chumvi, nikamwomba Mwalimu maji ya kuoshea vyombo yawe yanamwagwa hapo. Jumamosi kengele ililia, picha ikatokea, mkwe akatoa kofia. Mimi nilikuwa jikoni, sikwenda kuchungulia.

Mwaka ulipotimia mteja alinitumia malipo yote kwa mkupuo, kama alivyoahidi, na ujumbe mfupi kwamba mama yake hazungumzi tena habari za geti, anazungumza habari za watu. Niliusoma nikiwa Kiboko, nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na nikashuka taratibu sana.

Siku ya kulipa nilivaa vile viatu vya chini ya kitanda. Nilianza na mzee wa duka, asubuhi akifungua milango. Alipokea, akanitazama kama alivyonitazama kila siku, akasema, "Basi sasa nitatazama nini?" Akaniagizia kahawa, na nikaketi upande wa ndani wa meza yake kwa mara ya kwanza. Wanaume wa kikundi niliwakuta kanisani wakirekebisha paa. Niliwalipa juu ya mkeka, mbele ya wote, na yule aliyecheka katikati ya sala nilimsubiri mpaka akashuka kwenye bati ili naye aone. Aliniuliza kama ninaweza kumfungia kaka yake kengele. Nilimwambia mbwa hufanya kazi hiyo bure, kisha nikampa namba yangu.

Shangazi sikumlipa fedha. Alinipa fahali, na fahali ndiye niliyemrudishia, nikamleta na pikapu ya kukodi, mimi nikifuata kwa pikipiki, hadi nje ya jiko lake, ukoo ukiwa umeitwa. Alimzunguka, akamfungua mdomo, akamshika nundu, akachukua muda wake wote.

"Wangu alikuwa mrefu zaidi," alisema. "Lakini huyu ana moyo." Akaishika kamba, na safari hii hakuvuta upande wake. Aliwageukia ndugu. "Huyu hadaiwi na mtu. Aende anakotaka, na akirudi nitakuwa shangazi yake."

Walitaka nibaki nile. Nilikula, nyama, mbele ya watu, mifupa nikawaachia wengine. Kisha nikawasha pikipiki nikapita Kwa Vonza nikateremka hadi mto Athi, nikavuka daraja, nikaingia Machakos, nje ya zile kaunti mbili. Sikuwa na kazi kule. Msimamizi wa Doha nilikuwa bado sijamjibu, na Mwalimu alikuwa na betri ya kubadilishwa wiki iliyofuata. Niliegesha kwenye duka la kwanza nililoliona, nikaagiza soda. Haikuwa baridi. Mwenye duka hakunifahamu, hakuniuliza natoka wapi, na alirudi kupanga sabuni zake. Niliinywa yote nikiwa nimesimama katikati ya mlango wake.